Barua ya wazi kwa wanaosimamia masoko, usafi na forodha Lubumbashi: tufungulieni balo la nguo kuukuu kabla hatujalilipa

Lubumbashi, Haut-Katanga

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia masoko, usafi wa mji na forodha,

Pokeeni salamu zangu kwa heshima zote.

Mimi ni mama muuzaji wa nguo kuukuu, zile ambazo hapa kwetu tunaziita tombola bwana. Nimekaa kwenye etalaji moja, yaani meza ya sokoni, miaka 14. Nguo hizo zimelipa minervali, yaani ada ya shule, ya watoto wanne, zimelipa likelemba, mchango wetu wa kupokezana, kila wiki, na mwaka ule mume wangu alipolazwa ndizo zilizolipa dawa. Nayataja haya mapema ili mjue kwamba anayewaandikia si adui wa biashara hii. Anakula bukari yake, ugali wake, humo.

Barua hii ni ya nne. Tatu za kwanza zilikwenda kwa bahasha, kimyakimya, kama inavyofaa kwa mkubwa. Ya kwanza nilijibiwa kwa mdomo na kijana wa mapokezi: "Mkubwa ameiona." Ya pili ilipotea, ingawa nakala yangu ina muhuri wa kupokelewa. Ya tatu tuliipeleka watu sita, tumevaa vitenge vya Jumapili, tukakaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, ndipo tukaambiwa turudi Jumatatu. Jumatatu ipi, hatukuambiwa.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 27, inasema kila Mkongomani ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au na wenzake, na mamlaka hujibu katika miezi mitatu. Inasema pia kwamba hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kufanya hivyo. Miezi mitatu imepita, ikaja mingine mitatu. Ndiyo maana leo naandika mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma. Soko letu silitaji, wala ofisi, wala mfanyabiashara aliyeniuzia. Nataka jambo lirekebishwe, sitaki mtu aaibishwe.

1. Tunanunua gizani

Balo, yaani robota la nguo, linafika limekazwa kwa mikanda ya plastiki, kilo 45 au zaidi, juu limeandikwa neno moja: sweta, bluzi, jinzi, mashuka. Muuzaji wa jumla hakuruhusu kulikata kabla hujahesabu dola zako zote mbele yake. Ukishalikata ni lako, kwa heri na kwa shari. Kwa kweli jina lilishatuonya: tombola, kwa Kifaransa, ni bahati nasibu. Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Zambia, Wabemba wanaziita salaula, yaani kupekua rundo ukichagua. Goma na Bukavu wanasema chaguwa. Majirani zetu hao jina limewapa kuchagua. Sisi limetupa kura.

Mwezi wa tano nilinunua balo la sweta za watoto. Kila mama wa sokoni anajua kwa nini: Juni na Julai usiku wa Lubumbashi unauma, na mtoto wa shule anatoka nyumbani kabla ya jua. Nililipa dola 140. Safari hii niliamua kuandika kila kipande kwenye daftari, maana nilikuwa nimechoka kuambiwa nalalamika bila ushahidi. Zilikuwa sweta 171. Sweta 69 ziliuzika kwa bei nzuri. Nyingine 41 niliziuza kwa bei ya kutupa, jioni, kwa kupiga kelele. Zilizobaki 61 hazikuuzika: ukungu, mikono iliyokatika, sufu iliyofuliwa kwa maji ya moto ikawa ngumu kama kadibodi, alama za pasi, rangi ya ukutani. Nne zilikuwa za mbwa. Ndiyo, Waheshimiwa, za mbwa. Zina matundu manne ya miguu. Nilipozishika juu soko zima lilicheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikakaa chini nikapiga hesabu. Dola zilizorudi hazikufika 110.

Nilimrudia aliyeniuzia. Hakuwa mkali. Aliniambia kwa upole kabisa: "Mama, ulinunua bahati yako."

Nimelifikiria neno hilo tangu siku ile. Bahati ni ya kitu ambacho hakuna anayekijua. Lakini kilichomo kwenye balo kinajulikana. Huko zinakotoka, nguo zilizotolewa sadaka au kutiwa kwenye masanduku ya barabarani zinapelekwa kwenye maghala, na watu wanazichambua kipande kwa kipande. Nzuri kabisa zinabaki hukohuko, na siku hizi Wazungu wenyewe wanauziana kwa simu kabla hata hazijafika kwenye sanduku. Zinazofuata zinapangwa kwa daraja na kufungwa. Nyingine zinapitia Asia kwanza, kwenye maeneo huru ya biashara, zinachambuliwa tena, ndipo zinaletwa Afrika. Nguo na vitambaa kuukuu vilivyotoka nchi za Umoja wa Ulaya vilikuwa tani 550,000 hivi mwaka 2000. Mwaka 2019 vilikaribia tani milioni 1.7, na asilimia 46 vilikuja bara letu. Kote huko, kabla ya meli, kabla ya Dar es Salaam, kabla ya lori kukatiza Zambia, yuko mtu aliyeishika ile sweta ya mbwa mkononi, akaitazama, akaitia kwenye balo lililoandikwa "watoto".

Yeye aliona. Aliyeleta kontena hakuona kila kipande, hilo nalikubali, naye analipa kabla mzigo haujaondoka. Lakini ana mkataba, ana simu ya aliyemuuzia, na anaweza kuacha kununua kwake. Mimi nina mkasi tu, na mkasi unaruhusiwa baada ya pesa. Hasara ya safari nzima inasubiri mtu wa mwisho, na mtu wa mwisho ni mama mwenye mtaji wa dola 140 ambao nusu yake ni wa kukopa.

2. Tunalipia usafi, uchafu haubebwi

Kila asubuhi kijana anapita na kitabu cha tiketi. Kuna tiketi ya etalaji, kuna ya usafi, na kuna siku inapita ya tatu ambayo hata yeye akiulizwa jina lake anacheka. Tunalipa. Lakini lori la taka, tangu Pasaka, nimeliona mara mbili.

Basi nguo kama zile 61 zinakwenda wapi? Nitasema ukweli hata kama unanigusa. Nimewahi kumpa mtoto franka 500 abebe gunia, na sikumuuliza analitupa wapi. Nilijua. Wengi wetu tumefanya hivyo. Linaishia kwenye mtaro wa kwanza wenye nafasi, au linachomwa jioni nyuma ya vibanda, hatua chache kutoka kwa wamama wanaouza samaki.

Mkisikia nguo mnafikiria pamba, kitu kinachooza kikawa udongo. Zamani ilikuwa hivyo. Leo zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani ni poliesta, na poliesta ni plastiki, inatoka kwenye mafuta ghafi. Ukiichoma haiwi majivu. Inayeyuka, inadondoka matone meusi, na moshi wake unakaa kooni mpaka asubuhi. Serikali yetu ilikataza mifuko ya plastiki kwa dekreti ya mwisho wa mwaka 2017. Sweta ya poliesta ni mfuko uleule, umetiwa mikono na kola.

Novemba mvua zinapoanza, yaliyofichwa yanarudi. Nguo kwenye mtaro si kama chupa. Chupa unaiokota. Nguo zinajisokota moja kwa nyingine, zinakuwa kamba nene iliyojaa mchanga, na koleo halifui dafu. Waliokuja salongo, kazi ya pamoja ya usafi, mwaka jana wanakumbuka: wanaume watano walivuta suruali moja, ikatoka na nyingine kumi nyuma yake. Isiyovutwa inakwenda mto Lubumbashi, kisha Kafubu, kisha Luapula ambako wenzetu na Wazambia wanavua samaki.

Mkitaka kujua tunakoelekea, tazameni Accra. Soko la Kantamanto linapokea, kwa hesabu inayotajwa sana, vipande milioni 15 kwa wiki. Ufukweni huko bahari inatapika zile kamba za nguo ninazozisema, kubwa kuliko za mitaro yetu. Mwanzoni mwa Januari 2025 soko hilo liliungua sehemu yake kubwa. Sisemi nguo ndizo zilizowasha moto. Nasema nguo zikirundikana kati ya vibanda vya mbao, cheche moja inatosha, na vibanda vyetu ni vya mbao.

3. Kilo ni kilo

Hili ni fupi. Katika safari yote ya mzigo, mizani ndiyo inayotawala: bei ya jumla ni kwa uzito. Sweta inayovalika na tambara lenye ukungu vina kilo sawa. Sijasikia mahali, tangu bandarini mpaka etalaji yangu, ambapo mtu mwenye mamlaka anafungua balo moja kati ya mia na kuuliza: hii ni bidhaa au ni taka? Kama ni taka, iliingiaje ikiwa na makaratasi ya bidhaa?

4. Fundi wa pembeni

Karibu nami ana kibanda fundi cherehani aliyejifunza kazi kwa baba yake. Baba alishona abakosti, suti za enzi za Mobutu, za nusu ya mtaa. Yeye sasa anashona sare za shule mwezi wa nane na wa tisa. Miezi mingine kazi yake ni kupunguza suruali za Wazungu warefu. Ananitania kwamba mimi ndiye niliyemwua, kisha ananiazima kiti.

Nataka niwe mwadilifu hapa, maana watu wanapenda kuturushia lawama zote. Kalemie palikuwa na kiwanda cha Filtisaf, kikisokota na kufuma; kikanyamaza. Nguo za balo zilichangia, sikatai. Lakini palikuwa na uporaji wa 1991 na wa 1993, palikuwa na vita, palikuwa na umeme unaokatika, na leo kuna nguo mpya za bei ya chini kutoka ng'ambo ambazo hazimalizi msimu. Hata balo likitoweka kesho, kiwanda hakitaamka keshokutwa. Ila fundi huyu yupo leo, ana mikono, na robo ya sweta nilizoshindwa kuziuza zilihitaji zipu au kiwiko tu.

Najua yatakayosemwa, kwa sababu mengine nimeyasikia nikiwa kwenye ile benchi.

Mtasema: basi acheni kuziuza. Tuziache tuuze nini? Na nani atamvisha mtoto wa mitaa ya Katuba au ya Ruashi kwa pesa iliyopo? Kitambaa kipya pamoja na ushonaji ni pesa ya chakula cha siku kadhaa. Nguo iliyovaliwa ikavaliwa tena na tena ni jambo jema kwa dunia. Ardhi, maji na mafuta yaliyotumika kuitengeneza hayarudiwi. Ubaya hauko kwenye kuvaa nguo ya pili. Uko kwenye lile tambara lililofichwa katikati ya balo.

Mtasema: basi tupige marufuku. Rwanda ilijaribu njia ya ushuru. Mwaka 2016 ilipandisha kutoka dola 0.20 kwa kilo mpaka dola 2.50, na Julai 2018 Marekani ikaifungia nguo zake mlango wa kuingia bila kodi. Nguo kuukuu zilipungua kwa makaratasi, na magendo yakaota miguu kutoka upande wetu, Goma na Bukavu, usiku. Uganda nayo, Agosti 2023, Rais Museveni alitangaza kwamba haitaki tena nguo za watu waliokufa. Nguo bado zinauzwa. Marufuku bila kitambaa cha kuziba pengo inamtajirisha mwenye njia za panya, na mama wa etalaji ndiye anayekamatwa.

Mtasema: hakuna sheria. Ipo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya na kumpa wajibu wa kuyalinda. Kifungu cha 55 kinasema kuingiza nchini taka zenye sumu au zinazochafua ni jinai. Kuna sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011. Kuna Mkataba wa Bamako wa 1991, unaokataza kuingiza taka zenye sumu Afrika, ambao Waafrika waliuandika wenyewe wakiwa wamechoka kuwa jalala. Sidai kila sweta yenye ukungu ni sumu ya mkataba. Nadai tu kwamba msiniambie hakuna pa kushika.

Na mtasema: hilo ni shauri la Ulaya. Hapa ndipo naomba mnisikilize zaidi, kwa sababu kuna pesa ndani yake. Tangu tarehe 1 Januari 2025, nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimika kukusanya nguo kuukuu peke yake, zisichanganywe na taka nyingine. Nguo zitakazotafuta pa kwenda zitaongezeka. Mwaka huohuo wakapitisha sheria kwamba watengenezaji na wauzaji walipe ada kwa kila nguo wanayoiuza, ya kugharimia mwisho wake. Ufaransa inao mfumo huo tangu 2007. Uholanzi tangu 2023. Maana yake: kama sweta ilitoka nchi kama hizo, gharama ya kuitupa ililipwa dukani, siku iliponunuliwa mpya. Ada ikabaki huko. Sweta ikaja huku. Na mimi nikatoa franka 500 kwa mtoto.

Nchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Wakenya, Watanzania, Waganda wana mabalo haya haya. Kwa nini pasiwe na sauti moja inayosema: nguo ikivuka bahari, na ada yake ivuke?

Sasa tunachoomba. Tulikiandika kwenye barua ya tatu, nakirudia kikiwa kifupi zaidi.

Kwanza kabisa, na hili lingeweza kuanza wiki ijayo kwa amri moja tu: muuzaji wa jumla alazimike kufungua balo moja la mfano mbele ya wanunuzi katika kila mzigo, na mama akikuta balo lake lina matambara kupita kiasi kitakachokubaliwa, alirudishe ndani ya siku tatu abadilishiwe. Kiasi hicho tukae tukipange pamoja. Hatutaki balo la malaika, tumezoea hasara ndogo. Mtu akijua mzigo unaweza kumrudia, atamwambia aliyemletea, naye atamwambia aliyefunga. Maneno yatapanda meli kurudi.

Pili, kila balo libandikwe karatasi: limefungwa nchi gani, na nani, daraja gani, na nani ameliingiza. Sabuni ina karatasi. Kopo la nyanya lina karatasi.

Tatu, mwenye kuingiza kontena aweke amana kwa kila balo, ndogo, ya kulipia kinachobaki. Isikusanywe kwetu kwa tiketi ya nne, tafadhali.

Nne, pesa ya usafi tunayolipa ibandikwe ukutani kila mwezi: imeingia kiasi gani, lori limekuja siku zipi. Na pawe na kizimba cha nguo peke yake, chenye paa. Hiki kizimba nina shauku nacho, mniwie radhi nikirefusha. Garaji na karakana za migodi za Katanga yote zinanunua matambara ya kufutia mashine. Pamba inafyonza vizuri kuliko poliesta. Kwa hiyo lazima pawe na mtu wa kuzitenganisha, na mama wa tombola anazitofautisha kwa vidole, hata gizani. Mashuka na fulana za pamba zikatwe ziuzwe kwa kilo. Zenye zipu mbovu ziende kwa fundi. Zinazobaki, ambazo hazina dawa, ndizo lori lizibebe. Tunachohitaji ni paa, mizani, na laini ya umeme ambayo delestaji, yaani mgao wa umeme, haitaikumba kila siku. Wafanyakazi tupo tayari, tumekaa hapo tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Tano ni lile la Jumuiya. Hilo liko juu ya vichwa vyetu. Tunaomba lipelekwe kwa wanaosafiri kwenda Arusha.

Kuanzia leo tunahesabu upya miezi mitatu ya kifungu cha 27. Safari hii hatutakuja kukaa kwenye benchi. Njooni nyinyi, siku yoyote isipokuwa Jumapili, kabla ya saa nne, wakati mabalo yanapofunguliwa. Gunia la sweta 61 sijalitupa. Liko chini ya meza yangu, na zile nne za mbwa ziko juu.

Kwa heshima,

Mama muuzaji wa tombola bwana, pamoja na wenzake 23 ambao majina na sahihi zao mnazo kwenye barua ya tatu